Kiti cha Bibi Zaina Kilivyotufikisha Kortini Bukavu

Tangu nirudi sijamaliza kushona hata suruali moja. Nikiweka mguu kwenye cherehani mtu anaingia, anavuta kigoda, anauliza, "Ehe, Fundi Rajabu, ilikuwaje?" Nikimaliza kumweleza anaingia mwingine, naye anataka nianze mwanzo. Na huko nje maneno yanazidi. Mara Saidi alitoroka kwa kuogelea, mara mimi nililia mbele ya Mzungu. La kuogelea ni uongo. Basi naandika mara moja, anayejua kusoma awasomee wenzake, mniache nifanye kazi.

Gisenyi, na kamba moja

Kwa wale ambao mnajua nusu: Saidi ni shemeji yangu, mume wa dada yangu Mwajuma, ndiye mwenye hoteli ya chai karibu na msikiti. Huko Bukavu, upande wa Kongo, yuko Mzee Musa muuza chumvi, na huyo ni mtani wake. Baba zetu walifika ziwani hapa na misafara, wa kina Saidi kutoka Tabora, wa kina Musa kutoka Kasongo, na utani wao wakatuachia sisi. Mtani anakuita mtumwa wake mbele za watu nawe huruhusiwi kukasirika. Anakuvua kofia njiani na kwenda zake nayo. Ukifiwa, ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayehimiza wapishi, na ndiye anayekuibia. Lazima aibe kitu cha marehemu, waziwazi, mpaka wafiwa wacheke. Asipokuja mtani, msiba hauna mwenyewe.

Mama yake Musa, Bibi Zaina, alipofariki, Saidi alipanda meli ya kwanza aliyoiona. Waliokuwepo wanasema alifanya kazi nzuri. Alijifunga kanga ya marehemu, akaketi kwenye kiti chake kile kikubwa cha mikono na springi, alichopewa na Wazungu aliowalelea watoto, akaanza kuwafokea waombolezaji kwa sauti ya bibi mwenyewe. Mwisho akajitwika kiti kichwani, akatangaza kuwa sasa ni chake, akaenda nacho hadi gatini. Hapo polisi mmoja akamuuliza kiti ni cha nani. Saidi mnamjua. Akajibu kwamba amekiiba kwa mtumwa wake Musa, na kama polisi haamini aende akamuulize. Polisi yule alikuwa mtu wa Kongo ya mbali, wa huko wanakosema Lingala, utani wetu ataujulia wapi? Meli ikaondoka, naye akaenda kweli kuuliza. Na Musa, mtani asiye na dawa, akamwambia, "Ndiyo, ameniibia. Ni muzoefu huyo. Mufungeni."

Wao walicheza, lakini serikali haina mtani. Siku si nyingi Saidi akaitwa kwa bwana mkubwa wa serikali hapa Gisenyi, akaambiwa anatakiwa Bukavu kwa wizi uliofanyika Kongo na kuletwa Ruanda. Saidi akacheka. Kisha wakamwelezea adhabu yenyewe, kicheko kikamkauka. Kwetu huku kiboko kimeshafutwa, mfungwa hachapwi tena. Ng'ambo, ndani ya gereza, bado wanachapa. Na kifua cha Saidi mnakijua, akikohoa asubuhi vikombe vinalia mezani. Mgongo ule hauwezi kupigwa ukabaki mgongo. Dada yangu hakupiga kelele. Aliniambia tu kwamba katika ukoo wetu mimi ndiye mwenye maneno mengi, niende nikayatumie.

Tulipewa polisi wa kutusindikiza, jina lake Sebahire, mkulima wa Nyakiriba aliyevalishwa kofia. Alikuwa mtu mwema na hakuwahi kupanda chombo cha majini. Alikabidhiwa vitu viwili vya kulinda, mtuhumiwa na kiti, maana kiti ni ushahidi. Kamba alipewa moja. Alisimama pale gatini akawatazama wote wawili kwa zamu, akafikiri sana, kisha akakifunga kiti.

Nikamuuliza kwa nini. "Mutu ukimwambia akae, anasikia," akasema. "Kiti hakisikii."

Nyamyumba, hakimu asiyeajiriwa

Chombo chenyewe kilikuwa motaboti ya mizigo, imejaa magunia ya maharage, kuku, na akina mama wanaokwenda sokoni. Mji ulikuwa bado unaonekana nyuma yetu wakati Sebahire alipoanza kutapika. Saidi alimshika kichwa, akamfuta uso, akamvua kofia isianguke majini, akaivaa yeye ili mikono yake ibaki huru. Bunduki nilipewa mimi. Niliishika kama mtu anayeshikishwa mtoto wa mwenzake aliyejikojolea, na namshukuru Mungu hakuna aliyetupiga picha.

Tulipofika mkabala na Nyamyumba injini ikakohoa kumpita Saidi, ikanyamaza. Wavuvi wakatuvuta hadi ufukweni. Fundi wa injini akaifungua yote, akaipanga vipande vipande juu ya jani la mgomba, akavitazama kwa huzuni, nami nikajua tuna siku nzima hapo.

Pale kuna chemchemi ya maji moto, watu wanaoga wakapona mgongo na viungo. Sebahire aliposikia hivyo akavua nguo zote za serikali, akazikunja vizuri, akamkabidhi mtuhumiwa, akaingia majini hadi shingoni na kufumba macho. Saidi akakiweka kiti kivulini, akaketi. Sasa fikirini wenyewe: mtu mzima ameketi kwenye kiti cha springi kando ya ziwa, kichwani ana kofia ya polisi, magotini ana yunifomu, na pembeni yake mwanamume amesimama na bunduki. Huyo ni nani? Wavuvi walijua papo hapo kuwa ni bwana mkubwa amekuja kusikiliza mashauri.

Wa kwanza alikuja na mwenzake, wanagombania wavu. Mmoja anasema aliuazima, mwingine anasema alipewa. Mimi nilitaka kuwaambia ukweli, lakini Saidi alikwishaanza kuwauliza maswali, na mazuri pia: nani aliushona ulipochanika, na nani alikwenda nao majini siku ya baridi. Nyuma yao wakaja wengine, mwanamke na jirani yake, wazee wawili na mpaka wa shamba. Foleni ikafika kwenye migomba. Walileta viazi vitamu vilivyochemshwa humohumo kwenye maji moto, na samaki wa kuchoma, na tulikula kuliko tulivyowahi kula nyumbani kwa Mwajuma, asisomewe hapa.

Kesi ikaharibikia mwishoni. Mzee mmoja alimshtaki mkwewe kwa kumchukulia mbuzi bila ruhusa, akataka afungwe. Saidi, badala ya kuhukumu, akaanza kumsihi. Akamwambia baba, usimpeleke mtu gerezani kwa jambo mnaloweza kucheka pamoja kesho, utajuta. Alimsihi mpaka machozi yakamlenga. Wavuvi wakatazamana, hakimu gani huyu analia? Hapo Sebahire akatoka majini uchi, anafuka mvuke kama viazi vile, akaomba suruali yake kwa mtuhumiwa kwa adabu zote. Foleni ilitawanyika bila kuambiwa.

Ijwi, kuku na kisu

Injini ilipona, lakini kwa masharti. Tulivuka ziwa polepole hadi kisiwa cha Ijwi, na hapo ikagoma tena. Nahodha akatangaza kwamba yeyote mwenye njaa atafute chakula, maana leo hatufiki.

Sebahire, ambaye sasa alikuwa na nguvu, akauliza kisiwa hiki ni cha nani. Akaambiwa ni Kongo. Akakaa chini. Kumbe mkubwa wake alimwambia kwamba mamlaka yake yanaishia Ruanda, na kwamba polisi wa Kongo watampokea mtuhumiwa gati la Bukavu. Katikati ya hapo hakuna aliyemwambia chochote. Alizunguka zunguka ufukweni, kisha akaja mbele ya Saidi, akavua kofia.

"Muzee," akasema, "hapa mi si polisi. Sina haki ya kukukamata. Nakuomba tu uendelee kukamatwa mpaka Bukavu. Iko watoto wanne kwangu."

Saidi akamwambia asiwe na wasiwasi, ameshazoea. Nilimvuta pembeni nikamwambia shemeji, umesikia? Mtu mwenyewe anasema hana haki. Kuna mitumbwi inayorudi ng'ambo ya Ruanda, panda mmoja, ukifika nyumbani kiboko hakikufikii. Nilisema hivyo na nilimaanisha, msinitazame. Saidi akanijibu kwamba akikimbia, atakuwa mwizi kweli, na siku nyingine Musa akifiwa nani atavuka maji kwenda kwake? Nikamwambia Musa ndiye aliyekuponza. Akasema ndiyo kazi ya Musa.

Tukabaki. Abiria wakachanga, wakanunua kuku wawili wakubwa. Tatizo likaja hapohapo. Nusu ya watu wa chombo walikuwa Waislamu, na wenye kuku walikuwa Wakristo, na Waislamu walisema bila kuchinjwa na Mwislamu hawali. Macho yote kwangu. Mimi, ninyi mnajua, damu hapana. Hata sindano ikinichoma kidole namwita mtu anifungie. Waliobaki wa dini yetu walikuwa akina mama na kizee kimoja kinachotetemeka mikono. Basi ikabaki Saidi.

Sebahire akasema reka, yaani acha, haiwezekani. Mtuhumiwa kupewa kisu ni kosa, hata yeye analijua. Nikamkumbusha kwamba hapa yeye si polisi. Akasema ndiyo, lakini Bukavu atakuwa tena mtu wa serikali, na wataulizana. Kuku walikuwa wanasikiliza. Mwishowe tukapatana hivi: Saidi atashika mpini, Sebahire atamshika Saidi mkono, na mimi nitashika kamba ya kiti, ili wote wawe chini ya ulinzi. Saidi akasoma bismillahi, Sebahire akafuata kwa kupiga ishara ya msalaba, na kuku wakaliwa na watu wote bila mtu kuuliza lolote zaidi. Walikuwa wagumu, lakini walikuwa halali.

Bukavu, korti yenyewe

Gatini polisi wa Kongo walitupokea, na hawakuwa watu wa kuongea. Walimfunga Saidi pingu. Sebahire alipoona hivyo akataka kuwaeleza kwamba huyu hana haja ya pingu, wakamwambia atie sahihi na aondoke. Hakuondoka. Alikaa nje ya gereza, karibu na ukuta, na kila nilipopita nilimkuta.

Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Musa. Alinipokea vizuri mno, pilau, chai ya tangawizi, godoro jipya. Nikamweleza kila kitu. Akacheka mpaka akashika mbavu. Nikamwambia baba Musa, kesho kortini sema kiti ulimpa, basi. Akanitazama kana kwamba nimemwomba avue suruali sokoni. Aseme kwamba alimpa? Mtani hapewi. Tangu ujana wao hajawahi kumwambia Saidi neno jema hata moja, aanze leo, mbele ya karani na polisi, watu wa Bukavu wamwone ameogopa? Atasema mwizi, na Wazungu nao watacheka, na Saidi atarudi kula pilau hapa. Nilimwambia Wazungu hawachezi utani na sisi. Akasema kila binadamu ana mtani wake. Nililala kwa hasira na tumbo likiwa limejaa, na sijui kipi kilinizuia usingizi.

Asubuhi tukaingia. Jaji alikuwa Mbelgiji mzee mwenye macho mekundu ya usingizi, karani wa kufasiri pembeni yake, na kiti cha Bibi Zaina mbele, bado na kamba yake. Saidi aliulizwa kama alikichukua. Akasema alikichukua. Aliruhusiwa? Hakuruhusiwa. Alijua ni cha mtu mwingine? Alijua vizuri kabisa. Nikainua mkono nikaanza kueleza utani, tangu Tabora na Kasongo, nikatumia yale maneno yote niliyotumwa nayo. Karani akafasiri kidogo, akachoka, jaji akaniambia nikae. Kuhusu desturi za mababu, akasema, sheria ya wizi haina mlango.

Akaitwa Musa. Aliingia na kanzu mpya, akamwangalia Saidi, akatabasamu. Akaulizwa kama anamjua mtuhumiwa.

"Namujua," akasema. "Huyu ni mutumwa wangu."

Karani akafasiri. Jaji akaweka kalamu chini. Akauliza kama mzee huyu anasema mbele ya korti kwamba anamiliki binadamu, maana hilo ni kosa kubwa kuliko kiti, na kama ni hivyo basi watafungwa wawili. Musa akafurahi, akadhani sasa Mzungu ameingia kwenye mchezo. Akasema watumwa anao wengi, wako Gisenyi wote, huyu ndiye mbaya kuliko wote. Mimi nilishika kichwa. Kusema kweli, ndugu zangu, kuna watu walicheka kule nyuma, na mimi mwenyewe nilitaka kucheka, huku naogopa.

Jaji akamuuliza mara ya mwisho, bila mchezo: mtu huyu alikuibia au hakukuibia? Musa akasema ameiba, afungwe. Basi jaji akasoma. Sikuelewa Kifaransa chake, nilielewa karani aliposema kwa sauti ile ya kuchoka, gereza, na viboko. Saidi akakohoa. Alikohoa muda mrefu, ameinama, pingu zikilia.

Ndipo nikaona uso wa Musa ukibadilika. Alimtazama Saidi, akawatazama polisi, akatafuta ni nani atakayecheka kwanza, na hakumpata.

"Viboko?" akasema. "Hapana. Bwana Juge, ngoja. Mi nimesema uongo."

Karani akamwambia shauri limekwisha. Musa akasogea mbele hata hivyo.

"Mama yangu alikufa. Mi niko mutoto wake mumoja tu. Siku ile sikuona sababu ya kuamka tena. Watu wanalia, wananishika mikono, mi nasikia baridi tu. Huyu akavuka maji, akavaa kanga ya mama, akaniambia kwa sauti yake kwamba nimechelewa kuoga. Nikacheka, Bwana Juge. Nikacheka, nikala chakula. Alichoiba ni hicho. Kiti ni mbao tu."

Na akalia. Mtu aliyezika mama yake kwa kucheka, akalia pale, kwa sauti, mikono imening'inia. Kila mtu akatazama chini.

Hapo Saidi angetulia. Jaji alikuwa ameinua kichwa, ameanza kusikia, mimi nilikuwa nikimwomba Mungu shemeji yangu asifanye chochote, asipumue. Lakini mfiwa analia na mtani yupo. Saidi akainuka na pingu zake, polisi wakachelewa kidogo, akakifikia kile kiti, akaketi na kuegemea, akapandisha kidevu kama yule bibi.

"We Musa," akasema kwa sauti ya Bibi Zaina. "Ni nani alikufundisha kulia mbele ya Wazungu na kanzu mupya? Kamasi ikiingia kwa kola, atafua nani? Mi nilishakufa."

Polisi walikwisha kumshika mabega. Musa alikuwa ameanza kucheka. Alicheka na machozi yakiendelea, akajipangusa kwa kola kwelikweli, na korti nzima ikapasuka, hata karani. Mimi sikucheka. Nililia, nimesema, na atakayenitania hapa kwangu atavaa suruali zenye mguu mmoja.

Jaji aliwaacha mpaka wakanyamaza. Akamuuliza Musa, kupitia karani, kama kuna sheria yoyote kwao inayosema mtu anaweza kuibiwa namna hii. Musa akasema iko.

"Inasema siku nitakufa mi, huyu ndiye atakuja kuiba kwangu. Donc, basi, mukimufunga, akifia humo ndani, nani atakuja?"

Karani alikawia kufasiri. Alipomaliza, jaji alimtazama Saidi, akachukua kalamu akaifuta hukumu, na polisi wakamfungua pingu.

Kurudi

Musa alitusindikiza hadi gatini na hakuweza kupata tusi la kumwambia Saidi. Akamkabidhi kifuko cha chumvi, akageuka. Kiti kilibaki kwake kwa amri ya korti. Sebahire alikuja na kamba yake, akarudia kutapika kabla hatujang'oa nanga.

Saidi hakutania mtu njia nzima. Akina mama wa magunia walimchokoza, akawajibu vizuri tu. Nilidhani ni kifua. Tulipoanza kuiona milima ya kwetu nikamuuliza nini kinamsumbua, mgongo si uko salama?

"Musa amezeeka, shemeji," akaniambia. "Umemuona alivyolia. Niombee nitangulie mi. Kwa yule sitaweza kuiba."

Nikamwambia anyamaze, ajifunike shingo, upepo wa ziwa si mzuri kwa kifua chake. Akajifunika.